Mrehani wa kikuba na mrehani wa jikoni: kisa cha bustani ya ndoo Mombasa

Kabla sijaanza, jina la mwenye bustani nimelificha, mtaa siutaji na hoteli iliyokuwa ikinunua pia siitaji. Yeye mwenyewe ameniruhusu niandike, alinambia "andika mwanangu, asije mwingine akapoteza miezi kama mimi." Hapa namwita Bi M. Mimi kazi yangu ni kusaidia watu kulima mboga na viungo kwenye ndoo na magunia hapa mjini, na katika kisa hiki kuna ushauri wangu mmoja uliokuwa mbaya, nao nitausema pale ulipotokea.

Bi M na mrehani wake

Bi M ana miaka hamsini na kitu, anakaa kisiwani, nyumba ya gorofa moja ambayo juu ni sakafu ya zege iliyo wazi, kamba za nguo upande mmoja na tangi la maji upande wa pili. Mrehani, ule mmea wa kunukia ambao Kiingereza huitwa basil, kwake si kitu kigeni kabisa. Mamake alikuwa akiuza koja za asumini na vikuba, yale mashada madogo ya kunukia ya kuvaa, jioni, na Bi M mpaka leo akikaa chini na sinia la asumini, mashuke ya mrehani na maua ya kilua akipata, vidole vinakwenda vyenyewe huku anazungumza na wewe. Kwa hivyo maisha yake yote mrehani ameutaka kwa suke, ile sehemu ya juu yenye maua madogo meupe au ya zambarau yamefunguka nusu, kwa sababu hapo ndo harufu inakaa siku nzima kifuani kwa mtu. Majani aliyajua ya chai tu, mtu akiwa na mafua.

Sasa mpwa wake anafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja upande wa Nyali, wanapika vyakula vya Kitaliano, pasta na piza na mambo hayo, na siku moja mpishi wao akalalamika kwamba mrehani anaoletewa kutoka bara unafika umechoka. Mpwa akasema shangazi yangu anao. Wakakubaliana mafungu 20 kila Jumanne na kila Ijumaa, lakini mpishi akasema harufu ya mrehani wa kienyeji ina ukarafuu mwingi kwa anachopika, anataka ule wenye majani makubwa yaliyokunjika kama kijiko, wanaouita Genovese, na akatoa pakiti ya mbegu.

Bi M akatafuta ndoo 16 za rangi za lita 20, akazisugua, akatoboa chini. Ndoo 6 akapanda wa kienyeji kwa vikuba vyake, ndoo 10 za mbegu mpya, zote zikakaa pamoja juu pale, zimebanana, maana nafasi ni hiyo hiyo ya kamba za nguo.

Ilivyokwenda, kuanzia Novemba

Alipanda wakati wa vuli. Alianza kwa kuloweka mbegu chache kwenye kibakuli kuzijaribu, na nilipopita akanionyesha: kila kambegu keusi kamejivika ute wa rangi ya majivu wenye buluu kidogo, kama zile za kwenye kinywaji cha falooda, na kweli ndo hizo hizo, zile mbegu za falooda ni za mrehani. Ute ule ndo unaoshika maji mbegu isikauke. Siku ya 5 zikachomoza.

Desemba miche ikaanza kuungua pembeni, yaani ukingo wa jani unakuwa wa kahawia, mkavu, katikati bado kijani. Akanipigia. Nikaenda nikauliza maji ni ya wapi, akasema mfereji ukija hutumia wa mfereji, usipokuja ni kisima cha uani. Mwenye kuishi kisiwani anaelewa, chini yetu ni jabali la matumbawe na bahari iko pande zote, visima vingi vina maji chumvi, unaoga na kufulia lakini chai huiwezi. Nikaonja, chumvi kabisa. Halafu nikachimba kidole kwenye ndoo, nikatoa mchanga mweupe. Alikuwa amechanganya udongo mwekundu na samadi ya mbuzi na mchanga wa ufuoni. Mchanga ule wenyewe ni matumbawe na makombe yaliyosagika, una chumvi na una chokaa, na chokaa ikizidi mmea unashindwa kuvuta madini ya chuma hata kama yamo.

Tulimwaga ndoo zote 16. Ilikuwa kazi ya siku mbili na alihuzunika, lakini hakusita. Badala ya mchanga tukatumia makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, tukayaosha mara tatu kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, kwanza kwa sababu makumbi nayo hubeba chumvi. Maji akaanza kununua mitungi kwa wale wa mkokoteni siku mfereji umekatika, na mvua ya mwisho ya vuli akaikinga kutoka kwenye bati la jikoni. Akapanda upya.

Mwisho wa Januari ndoo zimejaa, mashaallah, ukipanda ngazi tu harufu inakupokea kabla hujaona kitu. Oda ya kwanza ikaenda kwa tuktuk kuvuka daraja la Nyali, mpishi akafurahi.

Halafu Februari mambo yakaanza kuharibika polepole na mwanzo hatukuona. Lile jua la kaskazi linausukuma mrehani utoe maua upesi, na Bi M akiona suke anaona baraka. Nilimwambia suke likitokeza lifinywe, akanijibu jambo ambalo nimelikumbuka sana, "Mwanangu, ukitoa uwa ndo umenipa nilotaka, sasa waniambia niukate?" Basi mashuke yakaachwa, kwenye ndoo zote 16, za kienyeji na za hoteli. Akiyachuma ni ya vikuba, Alhamisi na siku za arusi, na alichuma yale yaliyokomaa tu. Kufikia mwisho wa mwezi majani ya Genovese yamekuwa madogo, magumu, shina chini limekuwa mti, na hoteli wakasema ladha imekuwa kali na chungu. Mafungu 20 yakawa 12, yakawa 8.

Mwezi huo huo likatokea la pili. Ili asihangaike asubuhi, akawa anachuma Jumatatu jioni, anafunga kwenye mfuko, anatia kwenye friji. Jumanne hoteli wakipokea majani yana mabaka meusi. Wakadhani ni ugonjwa, yeye akadhani yamepigwa jua kwenye tuktuk.

Aprili mvua za masika zikaingia. Ndoo za Genovese zikaanza umanjano. Alinitumia picha kwa simu, jani limepigwa kutoka juu, njano. Hapa ndo ushauri wangu mbaya. Nilitazama ile picha nikasema hiyo ni njaa, mvua imeosha chakula kwenye udongo, ongeza samadi na fatalaiza kidogo. Sikwenda kuangalia. Akaongeza, na kweli mimea ikanenepa wiki moja, majani laini yamebanana hadi hewa haipiti. Pia kulikuwa na vidukari kidogo kwenye ncha, akapuliza maji ya mwarobaini, vidukari vikaisha lakini majani yakashika uchungu wa mwarobaini na fungu zima likarudishwa.

Wiki ya pili ya Mei akanipigia sauti ikiwa chini, akasema inakufa yote. Nikapanda ngazi siku hiyo hiyo, saa moja asubuhi, kabla umande haujakauka. Nikashika jani la chini, juu lina umanjano wa vipande vipande, kila kipande kimeishia kwenye mshipa wa jani kama kimekatwa na rula. Nikaligeuza. Chini kuna kama masizi, unga wa kijivu kuelekea zambarau, ukipitisha kidole unafutika na kubaki kidoleni. Nikageuza jingine, na jingine. Ndoo 10 zote. Wa kienyeji, hatua mbili pembeni, alikuwa na majani machache tu yaliyoguswa.

Tulivyoamua na sababu zake

Ule ni ukungu wa mrehani, na si mgeni kwetu Afrika Mashariki, uliandikwa Uganda tangu miaka ya 1930, miongo mingi kabla haujaenea kwenye mashamba ya Ulaya na Marekani. Tunauita ukungu lakini si jamaa wa uyoga, ni jamaa wa karibu zaidi na mwani, na hiyo inakueleza tabia yake yote, ni kiumbe cha maji. Unataka jani libaki limelowa masaa kadhaa, unataka hewa nzito, na vumbi lake la kuzaliana unalitengeneza usiku gizani kisha asubuhi upepo unalibeba. Mombasa mwezi wa Mei ndo kitanda chake. Unaweza kuingia na upepo, unaweza kuingia ndani ya mbegu.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa dawa au tusitie. Zipo dawa za ukungu madukani, na jirani alishauri tununue. Tukakataa kwa sababu jani hili linaliwa bichi, linachumwa mara mbili kwa wiki, na dawa nyingi zina siku za kusubiri kabla ya kuchuma, kwa hivyo ama angekosa oda ama angelisha watu dawa. Tukang'oa zote 10, asubuhi mapema zikiwa na unyevu ili lile vumbi lisiruke, tukazitia ndani ya magunia hapo hapo juu, hatukuzikokota ngazi zikipukutika. Udongo tuliubakiza, maana kiumbe hiki kinataka mmea hai.

La pili, hoteli waambiwe nini. Mpwa alitaka tununue mrehani sokoni tuwapelekee kama wetu. Bi M akakataa katakata. Alimpigia mpishi mwenyewe, akamwambia mimea imeugua, nimeing'oa, nitakuwa tayari mwezi wa nane inshallah, ukipata mwingine sitakulaumu. Mpishi akamngojea. Sijui kama angengoja angeambiwa vyengine.

La tatu ndo lililochukua mazungumzo marefu, tulikaa chini ya kamba za nguo na kahawa tukalizungumza kutwa. Mmea mmoja hauwezi kuwa wa kikuba na wa jikoni kwa wakati mmoja. Mrehani ukishaamua kuzaa, nguvu zinakwenda kwenye suke na mbegu, majani yanabaki na makombo. Wa kikuba unauacha uamue hivyo, hilo ndo unalotaka. Wa jikoni unaukatia njia kila unapojaribu. Kwa hivyo ndoo za kienyeji 6 zikahamishiwa upande wa tangi, zikaachwa zitoe maua, nyuki waje wale. Ndoo za hoteli zikapunguzwa kutoka 10 hadi 7, zikawekwa mbali mbali kiasi cha mtu kupita katikati bila kugusa majani, upande unaopigwa na jua la asubuhi ili umande ukauke mapema, na juu tukafunga nailoni nyeupe kwa mteremko, mvua isiangukie majani huku pembeni upepo unapita.

Kumfundisha kukata nilitumia maneno yake mwenyewe. Nilimwonyesha kwapa la jani, pale jani linapoungana na shina. Majani ya mrehani hutoka mawili mawili yakielekeana, na ndani ya kila kwapa kuna kichipukizi kidogo kimelala. Ukikata shina juu ya hapo, vyote viwili vinaamka. Tawi moja linakuwa mawili, mawili manne. Alikuwa akichuma jani moja moja kutoka chini, kama mchicha, na hivyo mmea unarefuka tu kuelekea kwenye suke. Alitazama lile kwapa muda mrefu, akasema "kumbe walikuwa wamelala hapa muda wote."

Matokeo

Alipanda tena mwisho wa Juni mvua zilipopungua, na Agosti wiki ya kwanza akapeleka mafungu 14, alisema ukweli kwamba 20 haziwezi. Kila ndoo akaiandikia tarehe ya kukatwa kwa makaa ukutani nyuma yake, na hakuna ndoo inayokatwa kabla ya siku 12. Anakata alfajiri baada ya sala, anayatia mashina ndani ya jagi la maji kama maua ya mezani, kivulini, tuktuk saa mbili. Friji hakuna tena. Mwezi wa Septemba yakarudi mafungu 20 siku za Ijumaa tu.

Ukungu ulirudi Novemba na vuli, kwenye ndoo mbili. Safari hii aliuona mwenyewe kabla sijaitwa, akatoa majani 11, akafungua nailoni upande mmoja hewa izidi. Ndoo moja ilipona, moja aling'oa.

Na nyumbani kwake jani limeingia jikoni, kitu ambacho hakikuwepo. Anasaga chatini ya nazi kwa pilipili mbichi, ndimu, na pale alipokuwa akitia dania tupu sasa nusu ni mrehani wa Genovese, inaliwa na viazi karai na wanawe hawataki ile ya zamani. Kwenye mchuzi wa samaki anautia akishaepua sufuria, akifunika dakika mbili, kwa sababu harufu ile ni mafuta mepesi sana na moto unayapeleka hewani yote.

Uchambuzi

Nikiangalia nyuma, kosa la mchanga na maji chumvi lilikuwa dogo kuliko lilivyoonekana, lilijitangaza mapema na likatibika kwa siku mbili za kazi. Lililogharimu sana ni umanjano wa Aprili, na hilo ni langu. Jani la mrehani likiwa njano linaweza kuwa linasema mambo matatu tofauti kabisa. Likiwa na njaa ya naitrojeni, majani ya chini, ya zamani, yanafifia yote sawasawa. Likikosa madini ya chuma, kwa udongo wetu huu wenye chokaa, ni majani machanga ya juu ndo yanakuwa manjano na mishipa inabaki kijani. Ukungu ni vipande vilivyozuiwa na mishipa, na chini ya jani kuna masizi. Picha ya juu ya jani haitoshi kuyatofautisha, na mimi niliridhika na picha ya juu. Tena ule mbolea niliousema ulikuza majani yakabanana, yaani niliulimia ukungu shamba. Siku hizi mtu akinitumia picha namwambia geuza jani kwanza, asubuhi, halafu piga tena.

La friji linasikitisha kwa sababu kila mtu katika mlolongo ule alikuwa na nia njema. Mrehani ni mmea wa joto, chini ya nyuzi 10 hivi majani yanaumia kwa baridi na kuwa meusi, na friji ya nyumbani huwa kwenye nyuzi 4. Kitunguu jani na dania vinastahimili, ndo maana hakuna aliyeshuku. Mwezi mzima tulitafuta ugonjwa wa mmea kwenye jambo ambalo lilianza baada ya kuchumwa.

Mwarobaini siukatai, unafaa sana kwa mche ambao bado haujaanza kuchumwa. Kwa jani la kuliwa bichi wiki hiyo hiyo, haufai, na vidukari vichache vinaondoka kwa maji ya kawaida na kidole.

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, si nailoni wala makumbi. Ni ile simu kwa mpishi, na ni kukubali 14 badala ya kuahidi 20. Na ni kutenganisha ndoo. Ningetamani ningelisema hilo Januari kwa namna ambayo ingemwingia, maana nilimwambia "finya maua" kama amri ya kitaalamu bila kujua kwamba kwa mtu aliyekua kwenye sinia la vikuba, suke ndo mavuno. Nilikuwa namwambia atupe mavuno yake. Baada ya kumpa ndoo 6 ambazo hakuna atakayemkataza kitu, zile 7 alizikata bila kusukumwa.

Ipo na faida ambayo hatukuipanga. Mirehani ya jamii hii inachanganyika kwa urahisi, nyuki akitoka kwenye suke moja kwenda jingine mbegu zinazaliwa chotara. Genovese isipoachwa itoe maua, mbegu za kienyeji za mamake zinabaki safi, na hizo anazitunza kwenye chupa ya kahawa toka zamani, kila mwaka anabadilisha. Lakini zile za Februari, wakati mashuke yalikuwa yameachwa yote, zilikwishachanganyika, na alipozipanda Juni ndoo moja ikatoa kitu cha katikati, jani la wastani, halikunjiki kama kijiko, na ukilisugua kwanza unapata utamu ule wa Genovese kisha karafuu inakuja nyuma. Kwa mpishi haufai, na kwa vikuba suke lake ni jepesi. Bi M hakuung'oa. Umekaa peke yake karibu na ngazi na wa chai ya jioni ni huo.